Joka la Moto Katika Karata: Historia ya Kadi Moja na Swali la Thamani

Juma hili tunaomba radhi kwa kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu huenda mkaliona ni la kitoto. Tunakusudia kusimulia historia ya kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa sentimita 6.3 na urefu wa sentimita 8.8, kilichochorwa mnyama wa rangi ya machungwa, mwenye mbawa na mkia unaowaka, akitema moto. Jina lake kwa Kiingereza ni Charizard. Kwa Kijapani, lugha ya nchi alikozaliwa, huitwa Lizardon. Kadi yake ilichapishwa ili watoto wachezee. Mwezi Machi mwaka 2022 nakala moja ya kadi hiyo iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 420,000.

Fedha hizo zingetosha kujenga shule. Ndiyo maana hatukuona vema kulipita jambo hili kwa kicheko tu. Palipo na fedha nyingi kiasi hicho kwa kitu kidogo kiasi hicho, pana jambo linalomhusu mwanadamu, na jambo hilo linastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Tuanze basi tangu mwanzo.

1. Neno moja, pwani mbili

Neno letu karata halikuzaliwa kwetu. Tulilipata kwa Wareno, ambao merikebu zao chini ya Vasco da Gama zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498, na ambao waliacha katika lugha yetu maneno kama meza, bendera, leso na gereza. Mabaharia wana saa nyingi za kukaa bure, na karata zilikuwa sehemu ya safari yao. Kwao ziliitwa cartas, nasi tukazitamka kwa namna yetu.

Wareno hao hao waliendelea mashariki, na mwaka 1543 wakafika Japani. Huko nako walishuka na karata zao, na Wajapani wakalichukua neno hilo wakaliita karuta. Ndiyo kusema Mswahili wa Mombasa na Mjapani wa Nagasaki, wasiojuana kabisa, waliipokea karata kutoka mkono mmoja na kuipa jina linalokaribiana mno. Wanaofikiri kwamba mambo ya Japani hayatuhusu hata kidogo, na walitafakari neno hilo.

Nchini Japani karata zilipendwa upesi, na upesi vilevile zikaingizwa katika kamari. Watawala wa karne ya 17 walizipiga marufuku karata za namna ya Kireno. Watengenezaji hawakukata tamaa. Kila namna moja ilipokatazwa walibuni nyingine yenye picha tofauti. Katika mchezo huo wa paka na panya ilitokea hatimaye hanafuda, yaani karata za maua: karata 48, nne kwa kila mwezi wa mwaka, zisizo na namba yoyote juu yake, bali maua, ndege na wanyama wachache. Serikali ilipolegeza masharti katika karne ya 19, fundi mmoja wa mji wa Kyoto aitwaye Fusajiro Yamauchi alifungua duka la kutengeneza hanafuda kwa mkono, akitumia karatasi ya magome ya mforsadi. Ilikuwa mwaka 1889. Duka hilo liliitwa Nintendo.

Wengi wanaijua Nintendo kwa michezo ya kompyuta. Wachache wanajua kwamba ilianza kwa karata, na kwamba karata hizo zilikuwa zimetoka katika vita ya muda mrefu kati ya mchezo na kamari. Tulishike jambo hili, kwa maana tutalirudia.

2. Kadi zinazokusanywa

Tawi la pili la historia yetu linatoka Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya sigara yalikuwa yakiweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke. Baadaye wakaona ni hasara kuacha kipande hicho kitupu, wakakichapa picha: askari, waigizaji, wachezaji wa besiboli. Mnunuzi akataka kuzipata zote, na kwa kuwa hakujua ni picha gani imo ndani, alirudi dukani tena na tena. Kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, ilibaki kwa makumi tu ya nakala, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Hizo zilikuwa kadi za kutazama na kukusanya tu. Aliyeunganisha kukusanya na kucheza alikuwa Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani. Agosti mwaka 1993 kampuni ndogo ya Wizards of the Coast ilitoa mchezo wake uitwao Magic: The Gathering. Ulikuwa mchezo wa karata, lakini hapakuwa na karata za pamoja mezani. Kila mchezaji alikuja na zake mwenyewe, alizozinunua katika pakiti zilizofungwa bila kujua kilichomo, akazipanga kadiri ya akili na mfuko wake.

Tutaje pia kwamba kanuni za kwanza za mchezo huo zilimtaka kila mchezaji aweke dau la kadi moja kabla ya kuanza, na mshindi aondoke nazo zote mbili. Kanuni hiyo haikupendwa, na baada ya miaka michache iliachwa. Kwa mara nyingine kamari ilikuwa imebisha hodi.

3. Mtoto aliyekusanya wadudu

Turudi Japani. Satoshi Tajiri alikulia Machida, pembezoni mwa jiji la Tokyo, wakati mashamba na vidimbwi vilikuwa bado vipo, naye alipenda mno kukamata wadudu. Alipokua, vidimbwi vilikuwa vimefukiwa na nyumba zimejengwa juu yake, na watoto wa mji hawakuwa tena na mahali pa kukamata chochote. Tajiri akawaza mchezo ambamo mtoto angetembea porini, akamate viumbe, awalee na kubadilishana na mwenzake kwa waya unaounganisha mashine mbili. Kampuni yake ya Game Freak ilihangaika na mchezo huo kwa miaka kadhaa, na tarehe 27 Februari mwaka 1996 Nintendo ikautoa nchini Japani. Ndio Pokémon, na viumbe wake walikuwa 151.

Miongoni mwa viumbe watatu ambao mchezaji huchagua mmoja wao mwanzoni, alikuwamo mjusi mdogo mwenye mwali wa moto kwenye ncha ya mkia. Katika masimulizi ya mchezo, mwali huo ndio uhai wake, na ukizimika naye hufa. Mjusi huyo hukua, akabadilika mara mbili, na mwisho huwa Charizard mwenye mbawa. Watu wengi humwita joka, na kwa sura ni joka kweli. Lakini waliomtunga hawakumweka katika kundi la majoka. Yeye ni wa moto na wa kuruka.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, ulitoka mchezo wa kadi wa viumbe hao. Aliyeusimamia alikuwa Tsunekazu Ishihara wa kampuni ya Creatures, aliyevutiwa sana na kazi ya Garfield. Hivyo matawi yetu mawili yakakutana: karata za Kyoto na kadi za Marekani. Mwezi Januari mwaka 1999 kadi hizo zikatoka kwa Kiingereza nchini Marekani, na wachapishaji walikuwa wale wale Wizards of the Coast.

Watungaji wa mchezo huu mpya walijifunza kutokana na kosa la yule wa kwanza. Hapakuwa na dau. Kila mchezaji huweka pembeni kadi sita za kwake mwenyewe ziitwazo za tuzo, na kila anapomshinda kiumbe wa mpinzani huchukua moja ya hizo zake. Mchezo ukiisha, kila mtoto huondoka na kadi alizokuja nazo.

4. Kadi namba 4

Toleo hilo la kwanza lilikuwa na kadi 102, na kati yake 16 zilikuwa na picha inayong'aa inapopigwa na mwanga. Charizard ni namba 4. Hakupewa namba hiyo kwa heshima yoyote. Ilitokana na mpangilio wa alfabeti tu, baada ya Alakazam, Blastoise na Chansey. Picha yake ilichorwa na Mitsuhiro Arita, mchoraji aliyekuwa bado katika miaka yake ya ishirini. Chini ya picha pana maelezo mafupi, yanayosema kwamba moto wake una uwezo wa kuyeyusha miamba mikubwa, na kwamba pengine huchoma misitu bila kukusudia. Tumeyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara tunaona kwamba aliyeyaandika alisema zaidi ya alivyojua.

Pakiti moja ilikuwa na kadi 11. Kwa wastani pakiti moja kati ya tatu ilikuwa na kadi inayong'aa. Kasha la dukani lilikuwa na pakiti 36. Tufanye hesabu kidogo. Kasha zima lilitoa kadi zinazong'aa zipatazo 12, na aina zake zilikuwa 16. Maana yake ni kwamba hata mzazi aliyejikakamua kununua kasha lote asingeweza kuzipata aina zote, na Charizard huenda angekosekana kabisa. Mtoto aliyenunua pakiti moja kwa juma, kwa fedha zake za matumizi, angeweza kumaliza mwaka pasipo kumwona.

Kwetu Afrika ya Mashariki wengi hawakuzijua kadi hizi, lakini namna yake tunaijua vema. Ni nani asiyekumbuka promosheni za kufungua vizibo vya soda na kutazama ndani kama pameandikwa zawadi? Ni nani asiyekumbuka mtoto aliyetaka soda ya pili ilhali kiu yake ilikwisha kwa ile ya kwanza? Hakuitaka soda. Alikitaka kizibo.

5. Moto unaokula kuni zake

Sasa tunafikia jambo ambalo wengi waliosikia bei za kadi hii hawalijui, nasi tunaliona kuwa kiini cha historia yetu. Charizard hakuwa kadi ya ushindi.

Kwa maandishi alitisha kweli. Alikuwa na alama 120 za uhai, na hakuna kiumbe katika toleo lile aliyemzidi. Pigo lake moja lilikuwa na nguvu ya 100, kiasi cha kumwangusha karibu kila aliyesimama mbele yake. Mtoto aliyeisoma kadi hiyo aliona kwamba mwenye nayo hashindwi.

Lakini tutazame gharama. Kwanza, huwezi kumweka Charizard mezani moja kwa moja. Sharti uanze na mjusi mdogo, kisha wa kati, ndipo umfikie yeye. Pili, pigo lake linadai kadi nne za nguvu, na kanuni zinaruhusu kuongeza moja tu kila zamu. Tatu, kila anapopiga, hutupa mbili kati ya hizo nne, na mwenye kadi analazimika kungoja zamu nyingine mbili kuzirudisha. Moto wake unaunguza kuni zinazouwasha. Aidha, palikuwa na kadi za kumnyang'anya mpinzani nguvu zake, na mchezaji mmoja mwenye akili aliweza kumwacha joka huyo amekaa mezani kama sanamu. Na tena alikuwa mdhaifu mbele ya maji.

Wachezaji hodari wa mashindano ya mwaka 1999 walilitambua jambo hilo mapema. Wao walitumia viumbe wadogo wasiohitaji kubadilika. Mmojawapo ni Hitmonchan, mpiganaji wa ngumi mwenye alama 70 tu za uhai, ambaye kwa kadi moja ya nguvu huanza kupiga tangu mwanzo: pigo dogo la 20, na lingine, na lingine. Pamoja naye walimweka Electabuzz, na baadaye Scyther. Mpangilio huo ndio uliotamba. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, na hata katika mchezo wa kadi methali hiyo ilisimama.

Hivyo basi, wakati hodari walishinda kwa kadi za kawaida ambazo hazikumsisimua mtu, uwanjani mwa shule watoto walikuwa tayari kutoa kadi kumi, au ishirini, kwa ajili ya Charizard mmoja. Hawakumtaka kwa sababu anashinda. Walimtaka kwa sababu anawaka, kwa sababu ni adimu, na kwa sababu mwenzao anaye.

6. Je, ilikuwa kamari?

Mwaka 1999 wimbi la kadi hizi lilienea Marekani yote na Ulaya. Gazeti la Time liliziweka Pokémon kwenye jalada lake mwezi Novemba mwaka huo. Shule nyingi zilipiga marufuku kadi hizo, na sababu zilifanana kila mahali: watoto hawasikilizi masomo, wakubwa wanawalaghai wadogo katika kubadilishana, kadi zinaibwa, watoto wanapigana.

Mwezi Septemba mwaka huo huo shauri lilifunguliwa katika mahakama ya San Diego. Wazazi walidai kwamba kuweka kadi adimu katika pakiti zilizofungwa, huku kila mtu akijua kwamba kadi hizo zina bei kubwa mitaani, ni bahati nasibu isiyo halali iliyoelekezwa kwa watoto. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema kamari ina mambo matatu, yaani malipo, bahati na zawadi, nayo yote matatu yamo ndani ya pakiti. Makampuni yalijibu kwamba kila mnunuzi hupata kadi 11 alizoahidiwa, wala hakuna anayetoka mikono mitupu. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani inayohudumia majimbo ya magharibi ya Marekani, ikiamua mashauri ya namna hiyo kuhusu kadi za kukusanya, ilikubaliana na hoja hii ya pili: mnunuzi alipata alichokilipia, na masikitiko ya kukosa kadi adimu si hasara ambayo sheria inaweza kuifidia.

Viongozi wa dini nao waliulizwa, na hawakujibu sawa. Mwezi Aprili mwaka 2000 kituo cha televisheni cha Maaskofu wa Italia kiliuzungumzia mchezo huo kwa wema, kikisema kwamba unaamsha ubunifu wa watoto na unasimulia urafiki, wala hauna madhara ya kimaadili. Mwaka uliofuata, mwezi Machi 2001, Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alitoa fatwa dhidi yake, na kadi na michezo hiyo ikapigwa marufuku katika ufalme huo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa palikuwa na hii kwamba ubadilishanaji wa kadi hizo unafanana na kamari.

Wasomaji wengine watataka tuseme nani alikuwa sahihi. Sisi tunaona kwamba kila upande ulitazama kitu tofauti. Waliotazama hadithi na mchezo wenyewe waliona urafiki, na ni kweli ulikuwapo. Waliotazama pakiti na bei waliona kamari, na ni kweli harufu yake ilikuwapo. Kadi ni ile ile moja. Mtoto anayecheza na mtoto anayebahatisha wanaweza kukaa benchi moja wakishika kadi zinazofanana, na mtu anayepita asiweze kuwatofautisha. Mzazi peke yake, akikaa nao na kuwasikiliza, ndiye atakayejua.

7. Kadi ambayo hakuna aliyeichezea

Wimbi lile lilitulia. Mwaka 2003 uchapishaji uliondoka mikononi mwa Wizards of the Coast. Watoto wa mwaka 1999 walikua, wakaenda vyuoni, wakapata kazi. Kadi zao zilibaki ndani ya maboksi ya viatu, au zilitupwa na mama wakati wa kusafisha nyumba.

Ndipo ukafika mwaka 2020, watu wakajifungia majumbani kwa sababu ya korona, na wengi wakafungua maboksi yale ya zamani. Walikuwa sasa na mishahara. Oktoba mwaka 2020 mwanamuziki wa rap Logic alilipa zaidi ya dola 220,000 kwa Charizard wa chapa ya kwanza. Juni mwaka 2021 Logan Paul alipanda ulingoni kupambana na Floyd Mayweather huku Charizard akining'inia shingoni mwake kama nishani. Mwezi Mei mwaka huo mtandao mmoja mkubwa wa maduka nchini Marekani ulisimamisha kwa muda uuzaji wa kadi za kukusanya ndani ya maduka yake, baada ya ugomvi juu ya kadi kufikia hatua ya mtu kutoa bunduki kwenye maegesho ya magari. Kisha ikaja ile bei ya Machi 2022 tuliyoitaja mwanzoni. Baada yake bei zilishuka sana, na waliokuwa wamekopa ili wanunue walijifunza kwa uchungu.

Lakini bei hiyo kubwa hailipwi kwa Charizard yeyote. Lipo shirika la Marekani liitwalo PSA, lililoanzishwa mwaka 1991, ambalo kazi yake ni kupokea kadi, kuzipima na kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10. Wapimaji hutazama kona, kingo, uso wa kadi na jinsi picha ilivyokaa katikati. Kadi ikishapimwa hufungiwa ndani ya plastiki ngumu. Charizard wa chapa ya kwanza waliopewa alama 10, hadi wakati wa mnada ule, walikuwa takriban 120 tu.

Tutafakari maana yake, wapendwa wasomaji. Kadi yenye alama 10 ni ile ambayo haikuguswa. Hakuna mtoto aliyeitia mfukoni, hakuna aliyeiweka mezani chini ya mwembe au juu ya zulia, hakuna aliyempa rafiki yake aishike hata kidogo. Mtoto aliyeipenda kadi yake, akalala nayo chini ya mto, akaichezea mpaka kona zikachakaa, aliipunguzia bei kila siku aliyofurahi nayo. Soko linamlipa yule ambaye hakucheza. Na nakala ile ya dola 420,000 haiwezi kuchezwa hata leo, maana kuitoa ndani ya plastiki ni kuiharibu thamani.

Tena wachapishaji hawakuacha kuchapisha. Hadi Machi mwaka 2024 kadi za Pokémon zilizokwisha kutengenezwa duniani zilizidi bilioni 64, na Charizard amechorwa upya mara nyingi katika hizo. Mtoto anayetaka kumchezea joka la moto anaweza kumpata kwa bei ndogo. Kinachouzwa kwa bei ya nyumba ni kitu kingine, ambacho hakimo katika kanuni za mchezo wala katika picha ya Arita.

8. Tunajifunza nini?

Kwanza, tusiwacheke. Mtu mzima anayetafuta kadi aliyoikosa akiwa na miaka tisa anatafuta, pengine, siku ambazo haziwezi kurudi. Hata sisi tunavyo vitu visivyo na bei sokoni ambavyo tusingependa kuvitoa: gololi ya kioo, picha iliyofifia, kanga ya bibi. Kosa haliko katika kukipenda kitu kidogo. Kosa huanza pale tunapodhani kwamba bei yake ndiyo sababu ya kukipenda.

Pili, tuwe macho kwa ajili ya watoto wetu. Pakiti zilizofungwa za mwaka 1999 sasa zimeingia katika simu. Michezo mingi ya simu humwuzia mtoto sanduku la siri, na mtoto hulipa bila kujua atakachopata, tena bila kushika hata karatasi mkononi. Miji yetu imejaa vibanda vya mashine za kubahatisha na matangazo ya kubeti. Na matapeli wa karata tatu kwenye stendi za mabasi hawajatoweka. Mzazi asiseme tu, "usiguse." Akae na mwanawe, amfanyie hesabu ile ya kasha na pakiti, amwonyeshe kwamba kadi 12 haziwezi kuwa aina 16. Mtoto anayeelewa hesabu hahitaji kutishwa.

Tatu, tukumbuke jinsi joka lile lilivyoshindwa. Lilikuwa na moto mkubwa kuliko wote, lakini kila lilipoutumia liliunguza nguvu zake lenyewe, na mpiga ngumi mdogo akalishinda kwa mapigo madogo yasiyokoma. Tunawajua watu wa namna zote mbili katika mitaa yetu. Yupo anayengoja jambo moja kubwa litakalobadilisha maisha yake kwa siku moja, na yupo mama anayefungua genge lake kila alfajiri. Wa kwanza hupigiwa makofi. Wa pili ndiye anayelipa ada za shule.

Kijana mmoja mwanafunzi, aliyeletewa kadi hizi na jamaa zake kutoka Ulaya, alituonyesha Charizard wake juzi. Kona zimekunjika, na nyuma pana alama ya chai. Alituuliza kama ni ya thamani. Tulimwambia ukweli kwamba sokoni haifiki mbali. Kisha tukamwuliza ameichezea mara ngapi. Akacheka, akasema hawezi kuhesabu. Akairudisha mfukoni, bila plastiki, akaondoka kwenda kumtafuta mwenzake wa kucheza naye.